Mshumaa Uliopinda Luberizi

Tangu Pasaka ipite siwezi kununua fungu la ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni bila kusimamishwa. Huyu anataka kujua kama ni kweli tulipokea rambirambi za mtu ambaye hakuwepo. Yule anauliza kama ni kweli wifi yangu Rejina alinisemesha. Nimesimulia vipande vipande hadi nimechoka, na naona kila mmoja wenu amechukua kipande kinachomchekesha akaacha vile vinavyonitetea. Kwa hiyo nimekaa na daftari, naandika safari nzima, Uvira hadi Bukavu na kurudi, ili anayetaka asome mwenyewe. Habari za karatasi na ruhusa sitaziandika. Hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwa nini tulitumwa

Kaka yangu mkubwa anaitwa Byamungu. Kwa jina hilo mtu angedhani alizaliwa sakristia, lakini kwa miaka thelathini alikuwa akijiandikisha ubatizo kila Kwaresima na kutoroka kabla ya Pasaka. Anafuga nyuki kule milimani juu ya Uvira, anashuka na asali mara mbili kwa mwezi. Mwaka mmoja mguu ulimuuma. Mwaka mwingine mvua ilikata njia. Mwaka mwingine katekista alimtazama vibaya. Na kwa kuwa hakutaka kusikia habari ya ndoa ya kanisani kabla hajabatizwa, mke wake, Rejina, alibaki kwenye benchi wakati wa komunyo, Jumapili baada ya Jumapili, huku wajukuu zake mwenyewe wakimruka miguu kwenda kupanga mstari.

Mwaka jana sababu ilikuwa mshumaa. Wasio Wakatoliki kati yenu mnivumilie: katika mkesha wa Pasaka moto mpya unawashwa nje ya kanisa, na kwa moto huo Padiri anawasha mshumaa mmoja mkubwa, ambao kwetu ni Kristo aliyetoka kaburini. Kutoka kwake watu wote wanapokea mwanga kwenye mishumaa yao midogo, hadi kanisa linajaa. Sasa, parokia yetu ilikuwa na bomba jeupe la plastiki lenye kikopo cha mafuta juu. Byamungu aliligonga kwa ukucha.

"Hii iko tiyo ya maji," alisema. "Minye sibatizwi kwa tiyo."

Katekista, katika kumbembeleza, akafanya kosa la kumwambia kwamba usiku ule Kanisa huimba wimbo unaowashukuru nyuki kwa nta ya mshumaa. Byamungu akafikiri kidogo. "Bon. Siku Padiri atawasha nta ya nyuki wangu, nitabatizwa." Alisema hivyo akiwa na hakika kwamba hakuna padiri mwenye nafasi ya mambo kama hayo. Lakini Padiri wetu ni mpya, bado hajajifunza kuchoka. Alijibu maneno mawili: "Lete nta."

Kaka yangu akanaswa. Nta ilipelekwa Bukavu kwa masista wanaotengeneza mishumaa, na Wiki Takatifu ilipofika pakatakiwa watu wa kwenda kuuchukua mshumaa. Padiri aliniteua mimi, kwa sababu nilijifunza kushona kwa masista hao nikiwa msichana, na Rejina, kwa sababu anaijua nta ya mume wake kwa harufu. Kwamba Rejina na mimi tulikuwa mwaka wa saba bila kusemezana, sijui kama Padiri alikuwa hajaambiwa au aliambiwa akanyamaza. Chanzo mnakijua. Katika arusi ya mpwa wetu nilisema mbele ya wageni kwamba sombe yake ya majani ya mihogo ina mchanga. Ilikuwa na mchanga. Lakini ningeweza kuimeza.

Uvira hadi Bwegera

Tuliondoka Jumatano asubuhi kwa taksi ya Papa Safari, mzee mpole mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Mimi nilikaa mbele, Rejina nyuma. Hatukuwa tumefika hata Kiliba, nikasikia sauti yake.

"Papa Safari, umwambie mama wa mbele afunge dirisha. Upepo inanipiga mu macho."

"Mama wa mbele, funga dirisha."

"Umwambie mama wa nyuma," nikasema, "hili dirisha halifungi. Ni la gari lako."

"Mama wa nyuma, dirisha halifungi, ni la gari yangu."

Mzee aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu hadi Sange. Alipeleka habari za dirisha, za chupa ya maji, na za mtu fulani ambaye alikuwa ameegemeza kiti chake juu ya magoti ya mtu fulani. Tulipotoka Sange akapunguza mwendo, akasema akitazama njia: "Wamama, minye nabeba watu. Maneno mutabeba wenyewe."

Pale Luberizi ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, weusi na wa kahawia, hawana haraka hata kidogo, na mchungaji wao ameegemea fimbo akitutazama kama sisi ndio tuliopotea. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Katika gari lenye watu wasiosemezana, saa nzima ni ndefu.

Bwegera gurudumu likapasuka. Papa Safari akaenda kutafuta mtu wa kuliziba, na sisi tukaingia kwa mama mmoja anayepikia wasafiri kando ya barabara, mama mnene, mcheshi, aliyejitambulisha kwa jina la Mama Furaha kabla hatujakaa. Alikuwa na benchi moja tu. Tukakaa ncha kwa ncha. Akatuletea wali wa mchele mpya wa pale bondeni, unaonukia hadi unataka kufumba macho, na maharagwe, na ndagala wa kukaanga.

"Munaenda wapi?" akauliza.

"Tunaenda kuchukua kitu cha Byamungu wangu," nikajibu, maana ndivyo nimwitavyo kaka yangu tangu utoto.

"Byamungu wangu," Rejina akamwambia Mama Furaha, si mimi, "ametutuma mushumaa."

Mama Furaha akatutazama, mimi, yeye, na ile nafasi kati yetu. Akaweka mwiko chini. Akavuta kigoda, akakaa mbele yetu kama mtu anayejiandaa kufanya kazi nzito.

"Wamama, musikilize," akasema kwa upole. "Hata mie niliolewa wa pili. Mwanzo ni mugumu. Lakini mume akiwatuma pamoja, iko anawapenda wote. Mukubwa ni nani?"

Hapo mtu mwema angemsahihisha. Mimi nilimeza wali, nikainamisha kichwa, nikasema, "Mkubwa ni yeye."

Rejina alikohoa hadi Mama Furaha akampiga mgongoni. Tulipewa mawaidha marefu na mazuri, mengine sikuwa nimeyasikia hata kwa Padiri, na tulipoondoka tuliongezewa ndagala ili tukale pamoja kwa sahani moja. Rejina hakunitazama hadi Kamanyola. Nyuma yangu nilikuwa nikisikia pumzi zake.

Bukavu, kwa masista

Mlima wa Ngomo tuliupanda polepole, Papa Safari akiomba kwa sauti katika kila kona, na tukafika Bukavu jioni tukitetemeka. Sisi watu wa ziwa letu tunasahau kila mara kwamba baridi ipo.

Mshumaa ulikuwa bado haujakamilika. Ilibidi tungoje Alhamisi nzima. Masista walituweka katika chumba kimoja chenye vitanda viwili na blanketi nzito, na mimi na Rejina tukalala tukitazama kuta tofauti.

Fundi wa mishumaa ni Sista Anyesi, mzee mfupi mwenye mikono inayong'aa nta hadi kwenye viwiko. Alhamisi jioni alituita katika karakana yake. Mshumaa ulikuwa umelala mezani, rangi ya manjano iliyoiva, mrefu kufika kifuani mwangu, mnene kama mkono wa mwanamume. Rejina aliinama akaunusa toka chini hadi juu. Kisha akasimama wima na macho yake yalikuwa na maji.

"Iko yake," akamwambia Sista. "Iko maua ya kule juu."

Sista akatueleza kila alama. Nta ni ya nyuki kwa sababu ni kazi safi ya viumbe wasiojifanyia wenyewe. Msalaba mwekundu ni huu, tarakimu za mwaka ni hizi, kwa sababu mwaka nao ni wa Mungu. Punje tano za ubani, alizozifunga katika karatasi, Padiri atazichomeka mwenyewe, ndizo madonda matano. Halafu akaeleza herufi mbili nyekundu, moja juu ya msalaba na nyingine chini yake, maana yake mwanzo na mwisho. Hiyo ya herufi nilisikiliza kwa sikio moja. Jingine lilikuwa jikoni, ambako walikuwa wakikaanga viazi. Rejina naye alikuwa bado ananusa. Kosa hilo tutalifikia.

Sista aliufunga mshumaa kwa kitambaa cheupe, akaulaza juu ya ubao mrefu, akaukaza kwa kamba.

"Bondeni kuna joto," akasema. "Nta ikipata joto inalegea. Musiutoe kwenye ubao hata kidogo. Mumesikia?"

"Tumesikia," tukasema pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka saba tunasema neno moja.

Kamanyola

Ijumaa Kuu magari ni machache. Papa Safari alikuwa ameshateremka tangu jana, kwa hiyo tulipata nafasi katika kamyo ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akipeleka maharagwe Uvira. Tulikaa mbele kwa dereva, mshumaa umelala juu ya mapaja yetu, kichwa kwangu, miguu kwa Rejina.

Kwenye barieri ya Kamanyola askari mmoja aliangalia ndani, akaona kitu kirefu kilichofungwa kitambaa.

"Mulifunga nini mule?"

"Mushumaa, chef," nikasema.

"Mushumaa murefu hivi? Iko ya nyumba ya ngorofa?"

Sikumlaumu. Kazi yake ni kuangalia vitu virefu. Tulishuka, tukafungua kamba, tukaondoa kitambaa. Alipouona msalaba akavua kofia. Akauliza habari za punje za ubani, akauliza kama kweli nyuki wanaweza kutengeneza nta nyingi hivyo, akasema bibi yake naye alikuwa mtu wa kanisa. Mazungumzo yalikuwa mazuri sana. Dereva akapiga honi. Nikauchukua mshumaa mikononi kama mtoto, Rejina akachukua kitambaa na mikoba, tukapanda, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshapita Luvungi nilipopapasa chini ya mshumaa nikakuta mapaja yangu.

Nikamtazama Rejina. Rejina akanitazama. Mimi nilidhani ubao ameuchukua yeye. Yeye alidhani nimeuchukua mimi. Watu wanaosemezana wangeulizana. Sisi tulimgeukia dereva, wote wawili kwa pamoja, na dereva akasema kamyo yake hairudi nyuma.

Luberizi

Karibu na Luberizi mvua ya usiku ilikuwa imegeuza kipande cha barabara kuwa uji, na kamyo mbili zilikuwa zimezama mbele yetu, moja ikitaka kwenda huku na nyingine kule, madereva wakipeana ushauri kwa kelele. Jua lilikuwa la saa saba. Tukashuka na mzigo wetu, tukatafuta kivuli, hatukukipata. Pande zote ni mashamba ya mpunga tu. Niliushika mshumaa wima mbele yangu, nikaufunika kwa kitenge changu, nikawa naangalia wanaume wakisukuma.

Baada ya muda nikaona kama unaniegemea. Nikafunua.

Ulikuwa umepinda. Katikati ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano chini. Kichwani nilimwona Byamungu mlangoni mwa kanisa, akitabasamu kwa huzuni ya uongo, akisema, jamani, nilikuwa tayari, lakini mnaona wenyewe. Nikaushika huku na huku, nikaanza kuunyoosha kwa nguvu.

"Weye, acha!"

Niligeuka kutafuta nani anaambiwa. Hapakuwa na dereva, hapakuwa na askari, hapakuwa na sista. Rejina alikuwa ananitazama mimi.

"Ukivuta hivi itapasuka mu katikati," akasema. "Kwa nje iko laini, kwa ndani bado ngumu. Nimekaa na nta miaka thelathini. Acha, Espe. Tutafute maji ya moto na kitu cha sawasawa."

Nikaacha. Miaka saba iliisha hivyo, katika tope, bila hotuba. Nilitaka kusema kitu kuhusu ile arusi, nikaona si wakati wake.

Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na nyumba ya udongo na mama mmoja akipepeta mchele uani. Alitwambia anaitwa Konsolata. Alichanganya Kirundi na Kiswahili, sisi tulichanganya hofu na Kiswahili, lakini alipouona mshumaa hakuhitaji maelezo. Alisali kidogo, akapuliza moto, akatia sufuria kubwa. Tulipomwonyesha kwa mikono kwamba tunataka kitu kipana na kilichonyooka, alizunguka nyumba nzima akitazama: meza yake ilikuwa na mabonde, kitanda chake ni cha fito. Mwishoni akamwita mumewe, mtu mrefu mkimya, akasema naye neno moja. Mume akaenda akang'oa mlango wa nyumba, akaulaza uani.

Tukaulaza mshumaa katika beseni refu la kuoshea mpunga, Rejina akimwaga maji ya uvuguvugu polepole na kuyapima kwa kiwiko kama ya kuogesha mtoto. Kisha tukauweka juu ya mlango, mimi ncha hii, yeye ncha ile, tukauviringisha mbele na nyuma. "Polepole. Kwangu. Sasa kwako." Mama Konsolata alisimama juu yetu akihukumu kwa jicho moja limefumbwa. Ulipoonekana kunyooka, tukaukimbiza kwenye mfereji wa mpunga, tukauzamisha katika maji baridi, tukakaa hapo na miguu ndani ya maji.

Haukunyooka kabisa. Ulibaki umeinama kidogo tu, kama mtu anayesikiliza jirani. Na tuliporudi uani tukakuta tarakimu na herufi zote nyekundu zimebanduka, zinaelea katika beseni.

Tarakimu hazikutusumbua, mwaka tunaujua. Herufi ndizo zilizotutesa. Moja ni kama A, nyingine ni kama kiatu cha farasi.

"A iko juu," nikasema.

"Chini," akasema Rejina. "Niliona ya duara iko juu, kama kichwa. Muntu anaweza kuwa na kichwa chini?"

Niliona kwamba anakosea. Pia niliona kwamba tumeanza kusemezana saa mbili zilizopita. Nikasema, "Unaweza kuwa na haki," nasi tukazibandika jinsi alivyotaka, kwa nta ya moto na kidole gumba.

Kamyo yetu ilikuwa imeondoka bila sisi. Mama Konsolata alitulaza kwake. Chakula kilikuwa bugali na mboga ya lenga-lenga tu, maana ni Ijumaa Kuu, na mlango ulirudishwa mahali pake ukinuka asali.

Nyakabere

Jumamosi asubuhi mume wa Konsolata alitupatia gari. Ilikuwa pikapu iliyokuwa imeleta marehemu fulani kuzikwa Luberizi, sasa inarudi Uvira tupu, taji la maua bado limefungwa mbele. Tulipanda nyuma. Tukaulaza mshumaa katikati yetu, safari hii juu ya ubao ambao mwenye nyumba alituazimia kwa jirani, tukaufunika kwa majani ya migomba yaliyoloweshwa na juu yake kile kitambaa cheupe. Sisi wenyewe tulikuwa tumejaa tope, hatukulala vizuri, na Rejina macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

Sikuona ubaya wowote hadi watu waliokuwa njiani walipoanza kuvua kofia.

Kila mtu alisimama. Waendesha baisikeli walishuka. Nyakabere kundi la wanawake waliokuwa wakitoka shambani walijipanga kando, mmoja akaanza kulia, na wengine wakampokea. Dereva, mtu wa heshima, akasimamisha gari. Wanawake wakatuzunguka. Mmoja akaweka mkono juu ya kile kitambaa, akanong'ona sala. Mwingine akapakia tawi zima la ndizi mbivu.

"Pole sana, wamama. Pole," wakasema.

"Asante," nikasema, maana ukipewa pole mdomo unajibu wenyewe.

Rejina akaniinamia sikioni. "Usiwaambie. Watapata haya."

Mama mmoja mzee akafuta machozi. "Alikuwa na umri gani?"

Rejina, ambaye hajui kusema uongo na hujaribu kila mara, akasema, "Juma mbili."

Yule mzee akatazama kitambaa toka mwanzo hadi mwisho. "Alikuwa murefu," akasema taratibu.

Nilishikilia pumzi. Nilikaza macho kwenye ndizi. Rejina mabega yakaanza kutetemeka, na wale wanawake, wakidhani analia, wakaongeza sauti, na hapo ndipo nilipoona kwamba tutaadhibiwa. Nikafunua kitambaa.

"Mama, mutusamehe. Iko mushumaa wa Pasaka. Ulipinda."

Yule mzee aliusogelea, akauangalia ule mshumaa umelala katika majani mabichi, akaugusa. Kisha akacheka, kicheko kinene kutoka chini kabisa, na wote wakamfuata. Niliwarudishia ndizi zao. Yule mzee akazisukuma nyuma.

"Pelekeni. Si kesho anafufuka?"

Uvira

Tulifika parokia saa nane. Byamungu alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa na shati jipya jeupe. Nilimwona akisimama, akiusogelea, akipitisha kiganja chake juu ya nta. Aliifahamu. Halafu jicho lake likafika katikati, na nikaona uso wake ukipata nguvu mpya.

"Umepinda," akasema.

"Umepinda, ndiyo," akasema Rejina. Tope lilikuwa limemkauka hadi magotini. "Tumeunyoosha minye na Espe juu ya mulango wa nyumba ya watu. Sasa nikuulize. Mguu unauma?"

"Hapana."

"Kuko mvua?"

Akatazama mbingu. "Hapana."

"Katekista?"

Katekista alikuwa amesimama pale pale. Aligeuka haraka akatazama ukuta, asije akamtazama mtu vibaya.

Byamungu aliinama juu ya mshumaa. Alikuwa ameona alama ya kidole gumba cha Rejina karibu na herufi, imezama katika nta. Akaweka kidole chake ndani ya alama hiyo, akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kukagua mshumaa. "Bon," akasema. Akaenda kukaa kwenye benchi la wanaobatizwa, akawa wa kwanza.

Kwetu watu wanapenda kufika nyumbani mapema, kwa hiyo mkesha ulianza jua likizama. Moto mpya ukawashwa uani. Padiri akaanza kufuata alama kwa kidole huku akisoma: msalaba, kisha herufi ya mwanzo, juu. Kidole kikasimama. Juu palikuwa na mwisho. Akashuka chini, akakuta mwanzo. Akatutazama. Mimi nilitazama ziwa. Rejina alimtazama Padiri usoni kama mtu mwenye haki yake. Padiri akasoma mwanzo akiwa chini na mwisho akiwa juu, akaendelea, na hakuna aliyekufa.

Ubatizo mliuona, na ndoa iliyofungwa wiki mbili baadaye mliila, kwa hiyo sirudii. Nitaandika tu kile ambacho wengi wenu hamkukiona, kwa sababu mlikuwa mmeshaenda nyumbani.

Waliobatizwa walipewa mshumaa mdogo uliowashwa kwa ule mkubwa, na Padiri akawaambia waulinde mwanga huo. Sisi wengine tulizima yetu mlangoni, kama kila mwaka, tukiiweka kwa siku umeme utakapokatika. Byamungu hakuzima. Aliambiwa alinde, basi akatoka nao, kiganja mbele ya mwali, na upepo wa ziwa ukauzima kabla hatujapita duka la kwanza.

Nikamtolea kiberiti. Akakitazama kama alivyolitazama lile bomba.

"Ile iko moto ya dukani," akasema, akarudi kanisani kuuwasha upya.

Mara ya pili ulizimika tukiruka mtaro. Akarudi. Mara ya tatu tulikuwa karibu kufika, jirani akafungua mlango kwa ghafula, na mwali ukaondoka. Rejina alikuwa ameshatutangulia. Mimi nilisema imetosha. Kaka yangu, aliyemkimbia Mungu miaka thelathini, aligeuka akaanza kurudi, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka kuikosa habari hiyo.

Kanisa lilikuwa limefungwa. Akagonga dirisha la Padiri. Padiri akatoka na fulana, tonge la bugali bado mkononi, akasikiliza shida nzima. Mshumaa mkubwa ulikuwa umeshazimwa, akasema. Byamungu mabega yakaanguka. Padiri akafikiri, akameza tonge, akaenda kuchukua funguo. Ndani palikuwa giza, isipokuwa ile taa ndogo nyekundu inayowaka karibu na tabernakulo, kisanduku cha Ekaristi. Nayo, akasema Padiri, aliiwasha mwenyewe jioni ile kwa moto wa mshumaa. Akaishusha, akafungua kioo, Byamungu akainama akapokea. Padiri akatutafutia kopo tupu la maziwa la kuuwekea, akasema usiku mwema, akarudi kula.

Tulitembea polepole sana. Ulifika. Rejina alikuwa uani, amepanga makala ya kupikia katika jiko la mbabula, anatafuta kiberiti. Byamungu akamnyoshea kopo. Rejina akautazama ule mwali, akautazama uso wa mumewe. Akawashia makala, akapuliza hadi yakashika, akaweka maji ya chai.